Je, Yafaa Mfungwa Acheze Mpira?



Mwezi huu twataka kusemezana nanyi juu ya neno ambalo, likitazamwa upesi, laonekana kuwa dogo. Hapa Bombambili, katika mji wa Songea, limezuka shauri kati ya Wakristo: je, yafaa usharika utoe fedha za kununua mipira na jezi kwa ajili ya watu walio gerezani, wapate kucheza kwa taratibu, wenye timu zao na waamuzi wao? Wako waliosema ndiyo mara moja, wakatia mkono mfukoni. Wako walionyamaza, wala kunyamaza kwao hakukuwa kukubali. Tena wako waliokataa waziwazi, nao si watu wa moyo mgumu. Ni watu tunaowajua, wenye huruma, watoao kwa ajili ya yatima na wagonjwa. Basi ikiwa watu wema wagawanyika juu ya jambo moja, haifai kulimaliza kwa kuhesabu mikono iliyoinuliwa. Yapasa kwanza kulifikiri.

Kabla ya kuendelea tuondoe kosa moja. Wengine wamesema, “Wafungwa wanazo timu tayari, je, hatuisikii Tanzania Prisons katika ligi?” Ndugu, timu hiyo ya Mbeya ni ya Jeshi la Magereza, si ya wafungwa. Imewahi kucheza na Majimaji yetu, na watu wa Songea wameiona. Wale wavaao jezi yake, mchezo ukiisha, huenda zao kwa wake zao na watoto wao. Sisi twanena habari za watu wengine: wale ambao mchezo ukiisha husimamishwa mstari wakahesabiwa, kisha mlango hufungwa kwa nje.

Sasa tuwasikilize wanaokataa, maana si haki kumjibu mtu kabla hajamaliza kusema.

Neno lao la kwanza ni hili: “Watoto wetu wa shule hucheza kwa mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba, nasi tumnunulie mwizi mpira wa ngozi?” Neno hili lina haki ndani yake. Mtoto asiye na mpira anao upungufu wa kweli, nasi wazazi tungaliweza kuuondoa tangu zamani kama tungalitaka. Lakini tuangalie: upungufu wa mtoto haujazwi kwa kumnyima mfungwa. Mtoto wa Bombambili akikosa mpira, bado anayo njia ya kukimbilia, anao mto wa kuogelea, anao mwembe wa kuparamia na wenzake wa kufukuzana nao mpaka jua litue. Mfungwa anao ua mmoja tu, nao una ukuta. Ikiwa fedha ni chache, tununue mipira miwili iliyo rahisi, si mmoja wa thamani. Basi neno hili limekwisha.

Neno lao la pili ni zito, nalo halitakwisha upesi hivyo. Lilinenwa na mama mmoja ambaye hatutamtaja jina. Mwanawe aliuawa kwa ugomvi wa usiku, na aliyemwua amehukumiwa na kufungwa. Mama huyu alisema maneno machache: “Mwanangu naye alipenda mpira. Yeye hachezi tena.” Alipokwisha kusema hakuna aliyemjibu, nasi twadhani ilikuwa vema wasimjibu, kwa sababu jibu la upesi lingalikuwa tusi. Lakini kumnyamazia siku zote ni tusi vilevile. Kwa hiyo twaomba msomaji aliweke neno la mama huyu moyoni wakati tukizunguka kidogo, maana hatuwezi kulifikia kwa njia fupi.

Tuulize basi: adhabu ya kifungo ni nini?

Wazee wetu wa nchi hii hawakuwa na magereza. Mtu akimkosa mwenzake, wazee walikaa, wakasikiliza, na mara nyingi shauri likaishia katika fidia: ng'ombe, mbuzi, jembe, au kazi ya mikono. Hatusemi ya kuwa hukumu zao zote zilikuwa za upole, la. Wakati mwingine zilikuwa kali mno. Twasema tu kwamba aliyekosewa alirudi nyumbani na kitu mkononi. Gereza lilikuja kwetu pamoja na boma la Wadachi, ambao walijenga kituo chao hapa Songea mwaka 1897. Na wenyeji wa mji huu hawahitaji kuambiwa jinsi walivyolitumia: wakati wa Vita vya Majimaji waliwashika wakubwa wa Wangoni, wakawafunga, na tarehe 27 Februari 1906 wakawanyonga wengi kwa siku moja. Hata leo siku hiyo hukumbukwa kila mwaka. Hivyo neno “kifungo” lilipoingia masikioni mwa babu zetu liliingia pamoja na kitanzi, na labda ndiyo sababu mpaka sasa wengi wetu twadhani kwamba gereza ambalo halimwumizi mtu mwilini si gereza.

Lakini sheria ya leo haisemi hivyo. Hakimu amhukumupo mtu miaka mitano, amwondolea uhuru wake wa miaka mitano. Hakumhukumu kuumwa kifua, wala kuoza miguu, wala kukaa akitazama sakafu mpaka akili yake ipotee. Mataifa yalikubaliana kanuni juu ya kuwatunza wafungwa mwaka 1955, zikatengenezwa upya na Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwezi wa Desemba 2015, zikapewa jina la Nelson Mandela, aliyekuwa mfungwa miaka 27. Kanuni hizo zanena wazi kwamba kutengwa na ulimwengu ni mateso kwa nafsi yake, na gereza lisiyazidishe pasipo sababu. Tena zataka kila mfungwa asiyefanya kazi ya nje apate walau saa moja kila siku ya kunyosha mwili mahali penye hewa, na vijana na wenye nguvu wafundishwe mazoezi na michezo, wapewe mahali na vyombo. Basi, kwa sheria, mchezo si zawadi apewayo mfungwa kwa kuwa ni mtu mwema. Ni sehemu ya kumtunza, kama vile maji na blanketi.

Hapo mtu aweza kusema, “Kama ni afya tu, akimbie kuzunguka ua mara ishirini. Timu na jezi na waamuzi ni vya nini?” Swali hili latufikisha penye kiini cha jambo lenyewe.

Fikirini jinsi mfungwa aishivyo. Huamshwa na mwingine, hulishwa na mwingine, huambiwa simama, keti, chuchumaa, pita. Hutii, maana asipotii ataadhibiwa. Lakini utii huo wamfundisha nini? Wamfundisha kutii anapotazamwa. Siku atokapo langoni askari hayupo tena, naye hajazoea kushika sheria yoyote ambayo hakushikiwa fimbo juu yake. Ndiyo maana wengine hurudi baada ya miezi michache, si kwa sababu hawakuadhibiwa vya kutosha, bali kwa sababu miaka yote ile hawakupewa hata mara moja nafasi ya kuchagua kutii.

Mchezo ni kitu cha namna nyingine. Hakuna awezaye kulazimishwa kucheza. Aliyelazimishwa anafanya kazi, hachezi. Mchezaji huingia kwa hiari yake, na kwa hiari hiyohiyo huweka shingo yake chini ya sheria. Miguu yake yaweza kuuvuka mstari, lakini mpira ukitoka hukubali ya kuwa umetoka. Mkono wake waweza kuushika mpira, lakini hauushiki. Mwamuzi ni mtu mmoja mwenye filimbi, asiye na bunduki, na mara nyingine mwenyewe ni mfungwa. Wachezaji ishirini na wawili wangeweza kumshinda mara moja, wala hawafanyi hivyo, kwa kuwa wajua ya kwamba wakimwondoa yeye hawana mchezo tena. Huyo aliyekuwa akivunja sheria za nchi sasa anashika sheria ambayo hakuna amlazimishaye kuishika. Tena anajifunza kushindwa, akampa mkono aliyemshinda. Ni wangapi walio gerezani kwa sababu hawakujua kushindwa: katika mapenzi, katika biashara, katika ugomvi wa kilabuni?

Tusidhani haya ni maneno matupu. Tuitazame Robben Island, kile kisiwa cha Afrika ya Kusini ambako serikali ya Makaburu iliwafunga wapinzani wake. Watu wale walivunja mawe mchana, na usiku walilala katika vyumba vya baridi. Walicheza kwa siri kwa mpira wa karatasi na vitambaa. Wakaomba ruhusa ya kucheza nje, wakakataliwa. Wakaomba tena na tena kwa muda wa miaka, mpaka mwishoni mwa mwaka 1967 wakaruhusiwa kucheza siku za Jumamosi. Mwaka 1969 walikuwa wamekwisha kuunda chama chao, wakakiita Makana, kwa jina la nabii na shujaa wa Waxhosa aliyefungwa kisiwani humo mwaka 1819 akazama baharini akijaribu kutoroka.

Jambo la kutazama ni namna walivyocheza. Hawakupiga mpira ovyo. Walifuata sheria za FIFA neno kwa neno, wakagawanya timu kwa madaraja kulingana na uwezo, wakawafundisha waamuzi, wakaandika barua na kumbukumbu za mikutano kana kwamba ni serikali ndogo. Hapo kwanza timu zilifuata vyama vya siasa, wa chama hiki mbali na wa chama kile. Kisha timu ya Manong ikafungua mlango kwa kila ajuaye kucheza, bila kumwuliza chama chake. Na mwaka 1970 wachezaji wa Atlantic Raiders, wakiona wamedhulumiwa kwa uamuzi fulani, walikwenda kulala uwanjani wakauzuia mchezo wa wengine. Je, wenzao walifanya nini? Waliwapiga? La. Waliwafungulia shauri. Wakaleta mashahidi, wakaandika mashitaka na utetezi, wakakata rufani, shauri likaenda miezi. Tafakarini, ndugu: watu ambao mahakama za nchi yao ziliwahukumu kwa sheria za ubaguzi, wao kwa wao walikataa kumhukumu mtu pasipo kumsikiliza. Mwaka 2007 FIFA ilikipa chama cha Makana uanachama wa heshima. Wala tusisahau kwamba si wote waliopata sehemu katika jambo hilo. Mandela mwenyewe na wenzake waliotengwa katika sehemu yao hawakuruhusiwa kucheza nao.

Lakini aliyeshika neno la mama yule atatukatiza hapa. Atasema, “Watu wa Robben Island walifungwa kwa ajili ya uhuru wa watu wao. Mnawafananishaje na mwizi na mwuaji?” Amesema kweli. Basi tutoke kusini, turudi karibu na nyumbani, Uganda, katika gereza kuu la Luzira lililo pembeni mwa Kampala. Sehemu yake iitwayo Upper Prison ilijengwa na Waingereza katika miaka ya 1920 kwa ajili ya wafungwa mia kadhaa, nayo kwa miaka mingi imebeba maelfu. Ndani yake wako waliohukumiwa kwa makosa mazito kabisa, hata waliohukumiwa kufa. Hao nao waliunda chama chao cha michezo, chenye katiba iliyoandikwa na viongozi waliochaguliwa kwa kura, na timu zilizojipa majina ya vilabu vikubwa vya Ulaya kama Manchester United na Liverpool. Wana utaratibu wa kuhama mchezaji kutoka timu hii kwenda ile, na wa kumhukumu apiganaye uwanjani. Hawa si mashujaa wa taifa. Ni watu waliowaumiza wengine. Nao, walipopewa nafasi, walitenda lilelile walilolitenda wale wa Robben Island: walijitungia sheria, wakaishika.

Basi je, tuseme kwamba mpira humgeuza mtu? Hapana, hatusemi hivyo, na yeyote asemaye hivyo anauza dawa isiyotibu. Tutazame watu wawili wa kisiwa kile. Dikgang Moseneke alifungwa mwaka 1963, angali mvulana wa miaka kumi na mitano, akakaa miaka kumi. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha Makana, akasimamia katiba na mashauri yake. Alipotoka akawa mwanasheria, na toka mwaka 2005 hadi 2016 alikuwa Naibu Jaji Mkuu wa nchi yake. Jacob Zuma naye alifungwa mwaka 1963, akakaa miaka kumi hiyohiyo, na katika uwanja uleule alikuwa mwamuzi, mwenye filimbi kinywani, akiwafundisha wengine kutii uamuzi. Baadaye akawa Rais wa nchi. Lakini mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilimhukumu kifungo cha miezi kumi na mitano kwa sababu alikataa kutii amri yake ya kufika mbele ya tume ya uchunguzi.

Kisiwa kimoja, uwanja mmoja, sheria moja, miaka ileile. Na mwisho wao mbalimbali. Twajifunza nini? Kwamba mchezo humfungulia mtu mlango, lakini haumsukumi kuingia. Nao ungemsukuma, usingekuwa mchezo tena. Kila kifundishacho utii wa hiari lazima kikubali kwamba wengine watakataa. Jambo hili hatulioni katika mpira tu. Twaliona katika shule, katika ndoa, na katika mahubiri yetu wenyewe. Hakuna baba aliyeacha kuwafunza wanawe kwa sababu mmoja wao alipotea.

Wenye elimu ya mambo haya nao hunena kwa kiasi. Mwaka 2018 Profesa Rosie Meek aliiandikia serikali ya Uingereza taarifa juu ya michezo magerezani, naye alisema kwamba faida huonekana hasa mchezo unapofungamanishwa na mafundisho, na afya, na kumwandaa mtu kwa siku ya kutoka. Mwaka huohuo ulianzishwa huko mpango wa kuunganisha vilabu vya mpira na magereza ya jirani, ambamo walimu wa vilabu huwafundisha wafungwa ualimu wa mchezo na uamuzi, wapate cheti cha kuombea kazi. Tena serikali ile ilipopokea taarifa ya Profesa Meek ilikataa shauri moja, lile lililohusu ngumi na michezo ya kupigana. Hatutaki kuhukumu kama ilikosea au haikukosea. Twataja tu ili tuone kwamba hata wale wanaokubali mchezo gerezani wanapaswa kuuliza: mchezo gani, kwa nani, na kwa kusudi gani?

Nasi tuulize hivyohivyo. Iwapo mpira utaingia gerezani, usiwe wa wenye nguvu tu, huku mzee na mgonjwa wakisukumwa pembeni. Usiwe chombo mkononi mwa wanyapara, cha kumpendelea huyu na kumtesa yule. Wanawake waliofungwa wasisahauliwe, maana mara nyingi watu wakisema “wafungwa” hufikiri wanaume tu. Wapewe mpira wao wa kikapu au wa pete. Mahabusu wasisahauliwe, ambao bado hawajahukumiwa, na huenda mmoja wao hana kosa kabisa. Na wasiopenda kukimbia wapewe bao na drafti, maana hizo nazo zina sheria zake. Tena sisi tunaopeleka vitu tusijipigie picha mbele ya watu wasioweza kukataa kupigwa picha. Kumsaidia mtu na kumfanya tamasha ni vitu viwili.

Sasa tumrudie mama yule, maana hatukumsahau.

Tulisema ya kuwa katika desturi ya zamani aliyekosewa alirudi na kitu mkononi, na katika gereza harudi na kitu. Hapo ndipo, twadhani, maumivu yake yalipo. Serikali ilimshika mwuaji, ikamhukumu, inamlinda, inamlisha. Mama akaambiwa, “Haki imetendeka,” akarudi katika nyumba ambayo kiti kimoja ki tupu. Hakuna aliyemwuliza atalimaje bila mwanawe. Hakuna aliyemlipia ada ya mdogo wake marehemu. Kisha, baada ya ukimya huo wote, asikia kengele ya kanisa, na tangazo lasema: tunachangia mpira wa wafungwa. Ndugu, mtu yeyote angelia. Mpira haukuwa kosa. Kosa ni kwamba mpira ulikuwa kitu cha kwanza alichosikia kikitolewa.

Kwa hiyo twamjibu hivi, kwa heshima: Mama, neno lako ni la kweli. Mwanao hachezi tena, na hakuna mchezo wowote utakaolipa deni hilo. Wala hatutaki mtu akuambie kwamba umepaswa kuufurahia. Lakini kumnyima aliyemwua saa moja ya jua hakukurudishii saa hata moja ya mwanao. Miaka ya kifungo chake itapita kwa vyovyote. Kama hakuhukumiwa kufia humo, siku moja atatoka, atapita katika barabara hizihizi, atasimama sokoni karibu na vijana wa jirani zako. Shauri lililo mbele yetu si kama atarudi. Ni kama atarudi mtu wa namna gani. Twapenda arudi mtu aliyejifunza kusimama filimbi inapolia, hata kama hasira imempanda. Hatuwezi kukuahidi kwamba atakuwa hivyo. Twaweza kujaribu tu, nasi twajaribu kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine, ambaye bado yu hai.

Lakini jibu hilo, hata likiwa kweli, halitoshi kama ni maneno matupu. Usharika upelekao mpira gerezani kabla haujaketi nyumbani kwa aliyefiwa umeanza kazi mwisho. Si kwamba mfungwa hastahili; ni kwamba aliyeumizwa amengoja muda mrefu zaidi. Mtume Paulo, ambaye mwenyewe alikaa vifungoni mara nyingi, aliichukua mifano yake katika mashindano ya mbio na ya ngumi. Wala hakuona aibu kuutaja mchezo katika mambo makuu. Lakini mtume huyohuyo alizunguka miji akichanga fedha kwa ajili ya wahitaji, akizihesabu kwa uangalifu. Mambo haya mawili hayakupigana kwake, wala si lazima yapigane kwetu.

Wako watakaosema kwamba tumetaka kuwaridhisha wote. Hatukutaka hivyo. Yule asemaye mfungwa asicheze kamwe, twasema amekosa, kwa kuwa anataka adhabu ambayo hakimu hakuitoa. Na yule asemaye tupeleke mipira, tuimbe, turudi nyumbani tukiwa na furaha, twasema naye amekosa, kwa kuwa anataka huruma isiyomgharimu kitu mbele ya waliofiwa. Tutoe, lakini tutoe kwa mikono miwili: mmoja ukielekea gerezani, na mmoja ukielekea nyumba zilizoachwa na majonzi kwa sababu ya makosa ya hao walio gerezani. Na asiyeweza kutoa kwa mkono wa kwanza, kwa kuwa jeraha lake bado bichi, asilazimishwe wala asisemwe. Atoe kwa mkono wa pili, au asitoe, apokee.

Basi tumewaomba wazee wa usharika wa Bombambili waandike daftari mbili. Katika moja yaandikwe majina ya wanaotaka kuchangia mipira, ya miguu na ya pete, pamoja na jezi, bao na drafti. Vitu hivyo vitapelekwa kwa mkuu wa gereza kwa idhini yake na kwa taratibu za serikali. Katika nyingine ziandikwe nyumba za jirani zetu walioumizwa kwa wizi, kwa kupigwa au kwa kuuawa kwa mtu wao, Wakristo na wasio Wakristo, pamoja na mahitaji yao: ni nani akosaye mbegu, ni nani mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa ada, ni nani akaaye peke yake jioni. Daftari ya pili ndiyo itakayofunguliwa kwanza. Wazee watapita nyumba kwa nyumba kuanzia Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na kila mwenye nafasi aungane nao.

Kaeni salama, ndugu zetu.

Mchungaji, Bombambili, Songea